Kinga za Familia Dhidi ya Utelekezaji wa Mtoto: Mwongozo kwa Mitaa na Vijiji vyenye Maisha Magumu

Utelekezaji wa mtoto hutokea pale mzazi au mlezi asipompatia mtoto mahitaji yake ya msingi ilhali njia ya kuyapata ipo, au ingepatikana kama angeitafuta. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inayataja mahitaji hayo: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maongozi, uhuru, na nafasi ya kucheza na kupumzika. Kipigo huacha alama na huwa na siku yake. Utelekezaji hauna siku. Kliniki inarukwa mwezi mmoja, kisha mitatu. Mtoto anakula kwa jirani Jumatatu, halafu wiki nzima, hadi mtaa wote unazoea. Hata takwimu huchelewa kuuona: utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulijikita katika ukatili wa kingono, wa kimwili na wa kihisia. Nchi ilishtuka, na ilikuwa haki ishtuke, lakini mtoto ambaye hakuna anayemwuliza kama amekula alibaki pembeni ya mjadala.

Nyumba mbili zinaweza kupanga vyumba vinavyotazamana, zikapata kipato kilekile cha kubahatisha, na watoto wa moja wakatunzwa huku wa nyingine wakipotea machoni pa watu. Kinachozitenganisha mara nyingi si upendo. Ni kama mlezi ana mtu wa kumwachia mtoto, ana akiba ya kumvusha siku mbaya, ana nguvu ya moyo ya kumsikiliza mtoto jioni, na ana ndugu au jirani wa kumwambia ukweli. Hizo ndizo kinga za familia, na kila mojawapo inaweza kujengwa.

Kutenganisha umaskini na utelekezaji

Kosa la kwanza la kuepuka ni kuuita umaskini utelekezaji. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka kila mwanajamii kutoa taarifa anapojua kwamba mzazi au mlezi mwenye uwezo wa kumtunza mtoto anakataa au anapuuza kufanya hivyo. Neno la kushika hapo ni uwezo. Mtoto asiye na viatu, anayelala na wenzake watano katika chumba kimoja na kula mlo mmoja wakati wa kiangazi, anaweza kuwa mtoto anayetunzwa vizuri kuliko uwezo wa nyumba unavyoruhusu. Familia ya namna hiyo inahitaji msaada. Ikitishwa badala ya kusaidiwa, hujifunza kuwaficha watoto. Mama aliyewahi kufokewa mbele za watu kwa sababu uzito wa mtoto umepungua hukosa ujasiri wa kurudi kliniki mwezi unaofuata.

Kosa la pili ni kinyume chake, nalo huua: kusamehe kila kitu kwa kusema maisha ni magumu. Mtoto mwenye homa ya siku tatu hapelekwi zahanati, wakati huduma kwa watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali hutakiwa kutolewa bila malipo. Baba anapokea ujira wake jioni, pombe inalipwa kwanza, unga unafuata kama kuna kilichobaki. Hapa fedha ni chache kweli, lakini tatizo ni zamu ya mtoto katika matumizi ya hizo chache.

Ili kutenganisha hali hizi mbili, maswali matatu husaidia, na yaulizwe kwa utaratibu huu. Je, mlezi anajua mtoto anahitaji nini? Mama wa miaka 17 anayempa mtoto wa miezi mitatu uji mwepesi kwa kuamini maziwa yake hayatoshi anahitaji maelekezo kuhusu kunyonyesha maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Je, akijua, anaweza? Anayejua lakini hana nauli ya kwenda hospitali ya wilaya anahitaji nauli. Je, akijua na akiweza, anafanya? Likijibiwa hapana hapa, ndipo hatua za kumwajibisha zinapoanza kuwa na maana. Mara nyingi, hata hivyo, jibu la swali la tatu huwa na sababu nyuma yake: ulevi, sonona, ugomvi wa ndoa, au uchovu wa mtu anayebeba nyumba nzima peke yake.

Dalili kwa umri

Kwa mtoto mchanga na wa chini ya miaka 5, kadi ya kliniki ndiyo shahidi wa kwanza. Mstari wa uzito unaolala au kushuka, chanjo zilizorukwa na miezi isiyojazwa vinasema mengi kabla mlezi hajafungua mdomo. Mkanda wa kupima mzingo wa mkono, ambao mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuwa nao, hutoa jibu la haraka kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hali hii isichanganywe na udumavu, ambao Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 uliukuta kwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka 5. Udumavu umeenea mno kuwa ushahidi dhidi ya mama mmoja. Mtoto anayekonda ghafla wakati wenzake wa nyumba hiyo hiyo wananawiri ni jambo jingine.

Dalili za hatari hazisubiri mjadala wa nani ana makosa. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, mwenye degedege, au aliyelegea na hajitambui, hubebwa kwanza na mtu yeyote aliye karibu.

Kwa mtoto wa shule ya msingi, mahudhurio husema zaidi kuliko sare iliyochanika. Shule za msingi za umma hazitozi ada, lakini madaftari, sare na chakula cha mchana bado vinatafutwa na mzazi. Mtoto anayekosa siku zilezile kila wiki pengine analea wadogo zake siku ya gulio. Anayesinzia darasani kila asubuhi pengine hakula usiku, au analala mahali pasipo na amani. Kwa kijana, dalili kubwa ni kwamba hakuna mtu mzima anayejua alipo usiku. Huyo hutafutwa na wengine: mwenye pesa ya chipsi, bosi wa kibarua cha hatari, kundi la mtaani.

Dalili moja haitoshi kumhukumu mlezi. Dalili tatu kwa pamoja, zikiendelea kwa wiki kadhaa, zinatosha kubisha hodi.

Mtu mzima mmoja wa kudumu

Kati ya kinga zote, kuwa na mtu mzima wa namna hii ni miongoni mwa zilizothibitishwa kwa muda mrefu zaidi. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, watafiti Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi utu uzima. Miongoni mwa waliokua katika hatari nyingi kwa pamoja, kama ufukara, ugomvi wa nyumbani na wazazi wenye ulevi au ugonjwa wa akili, takriban theluthi moja walikua watu wazima wenye kujiamini, wenye kazi na wenye kujali wengine. Wengi wao walikuwa wamepata angalau mtu mmoja, mzazi au asiye mzazi, aliyewashika tangu udogoni na asiwaache.

Katika mitaa ya Afrika Mashariki mtu huyo mara nyingi ni bibi, shangazi, mama mkubwa au kaka aliyetangulia kuanza maisha. Wakati mwingine ni mwalimu. Kazi ya mwongozo wowote wa malezi inapaswa kuanza kwa kumtambua: kwa kila mtoto katika nyumba yenye dhiki, watu wazima wanaomzunguka waweze kumtaja kwa jina mtu anayejua mtoto huyo anapenda nini, anaogopa nini na alipata alama ngapi. Kama hakuna anayetajika, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, hata kabla ya kutafuta msaada wa magodoro.

Bibi anayelea wajukuu naye anahitaji kushikwa mkono. Anapoachiwa watoto watatu na binti aliyekwenda mjini, akipokea fedha mwezi mmoja na kukosa miwili, kinga hiyo huchakaa. Makubaliano ya matunzo yasemwe wazi mbele ya ndugu: nani anatuma nini, lini, na nani anachukua watoto bibi akiugua.

Muda na mtu wa kumwachia mtoto

Mama lishe hutoka nyumbani saa kumi alfajiri kuwahi sokoni na kuwasha moto. Mtoto wa miaka mitatu anaamka saa moja, na aliye naye ni dada yake wa miaka minane ambaye alipaswa kuwa shuleni. Humo ndani kuna jiko la mkaa, ndoo ya maji, na chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa. Hakuna aliyekusudia ubaya, na bado watoto wawili wamekosa haki zao kwa wakati mmoja: mmoja usalama, mwingine shule. Sehemu kubwa ya kinachoitwa utelekezaji katika makazi ya kipato cha chini ina sura hii, na haitibiwi kwa mahubiri.

Dawa yake ni mpango wa uangalizi. Wanawake watatu au wanne wenye saa tofauti za biashara wanaweza kupeana zamu, kila mmoja akilea watoto wa wenzake siku moja au mbili kwa wiki. Palipo na kituo cha kulelea watoto mchana, wazazi waulize kama kimesajiliwa, mlezi mmoja ana watoto wangapi, na nani anaruhusiwa kuja kumchukua mtoto. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, imehimiza vituo vya kijamii vya malezi, kwa hiyo mtaa unaotaka kuanzisha kimoja una mahali pa kuanzia: ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.

Msemo wa mkono mmoja haulei mwana hutajwa sana, lakini mikono hiyo ijulikane. Kila mlezi achague watu wawili wa dharura, awaambie kwamba wamechaguliwa, na mtoto afundishwe majina yao na njia ya kufika kwao. Ufunguo wa ziada ukae kwa mmoja wao. Mlezi anayeugua ghafla usiku, au anayechelewa kwa sababu ya mvua, hatakuwa amemtelekeza mtoto kama jirani anajua la kufanya.

Moyo wa mlezi na nafasi ya baba

Mzazi mwenye sonona anaweza kukaa mita mbili kutoka kwa mtoto anayelia na asiinuke. Majirani humwita mvivu. Kukosa usingizi, kulia bila sababu, kutojali mwili wake na kusema kwamba heri asiwepo ni dalili za ugonjwa, na anayeziona kwa mama aliyejifungua hivi karibuni ampeleke kituo cha afya pamoja na mtoto. Kumpumzisha mama huyo kwa kumchukulia mtoto saa mbili kila siku ni tiba ya kweli, ijapokuwa haiandikwi kwenye cheti. Ulevi nao ushughulikiwe kama ulivyo: mazungumzo ya fedha na mlevi yafanyike asubuhi, mbele ya mtu anayemheshimu, na sehemu ya ujira ifike nyumbani kabla haijapita kilabuni.

Baba ndiye husahaulika katika miongozo hii, na kusahauliwa humpa ruhusa ya kutoweka. Wachimbaji wadogo wa Geita na wavuvi wa Ziwa Victoria huweza kukaa mbali na nyumbani kwa miezi. Wavuvi wa dagaa, wanaotegemea taa kwenye giza, hupungukiwa kipato siku za mwezi mpevu. Anayelijua hili huweka fungu la watoto kando siku za giza, samaki wanapopatikana. Simu ya baba kwa mtoto, hata ya dakika tano kila Jumapili, isidharauliwe, ila isichukue nafasi ya matunzo. Baba anayekwepa kabisa anaweza kudaiwa matunzo mahakamani chini ya Sheria ya Mtoto, na maombi hayo yanaweza kufikishwa na mzazi mwenzake, mlezi, mtoto mwenyewe au afisa ustawi wa jamii. Wanawake wengi hawajui kwamba kutokuwa na ndoa hakuondoi haki ya mtoto kutunzwa na baba yake.

Fedha ndogo zenye kazi maalumu

Vikoba, upatu na vyama vya kufa na kuzikana viko karibu kila mtaa, na kwa kawaida mfuko wa jamii wa kikundi hufunguliwa kwa msiba au ugonjwa wa mtu mzima. Kikundi kinaweza kuongeza kipengele kimoja katika katiba yake: mkopo mdogo usio na riba kwa matibabu ya mtoto, nauli ya rufaa au vifaa vya shule vya Januari. Kipengele hicho kinazuia mengi.

Kaya zilizo chini kabisa zinalengwa na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanza mwaka 2012, ambao huhawilisha fedha kwa kaya zilizotambuliwa na jamii yenyewe. Baadhi ya fedha hufungwa na masharti: watoto wadogo wahudhurie kliniki na wanafunzi wahudhurie shule kwa angalau asilimia 80. Kaya inayokosa masharti mfululizo isikatwe kimya kimya katika mawazo ya viongozi. Kukosa huko ni taarifa kwamba kuna kitu kimevunjika nyumbani, na mtu aende kuuliza.

Mafunzo ya malezi yana nafasi yake, na yana mpaka wake. Jaribio la programu ya Sinovuyo Teen katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, lilihusisha familia 552 katika maeneo 40, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Ukatili ulipungua na wazazi walisimamia vijana wao vizuri zaidi, lakini utelekezaji wenyewe haukupungua kwa kiwango ambacho watafiti wangeweza kukithibitisha. Mzazi anaweza kufundishwa kuacha fimbo kwa wiki kumi na nne za programu kama hiyo. Kupata saa za ziada katika siku yake, au sahani ya pili, hakufundishiki. Anayeandaa semina katika mtaa maskini aandae pia chakula, uangalizi wa watoto na njia ya msaada wa kipato.

Jirani anapoona

Hatua ya kwanza ni kusogea bila hukumu, mchana, bila hadhira. Maneno ya kawaida yanatosha: "Mama Asha, naona siku hizi unatoka mapema sana. Asha anabaki na nani? Mwache kwangu mpaka saa nne, mimi nipo." Swali linaloambatana na msaada hufungua mlango ambao lawama huufunga. Kwa baba, azungumze mwanamume anayemzidi umri au shehe, mchungaji au rafiki wa kazini. Mtoto asihojiwe mbele ya mlezi, wala asiahidiwe kwamba siri yake haitafika popote.

Hali isipobadilika, au hatari ikiwa kubwa tangu mwanzo, taarifa ipelekwe. Mtoto aliyefungiwa ndani, aliyeachwa usiku, aliyenyimwa matibabu au anayehisiwa kudhulumiwa kingono hasubiri kikao. Njia ni hizi: mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mtendaji wake, kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, ambayo tangu mpango wa kitaifa wa mwaka 2017 inapaswa kuwapo kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au simu 116, ambayo ni bure. Namba hiyo hiyo hutumika Kenya na Uganda. Mtoa taarifa aeleze alichokiona, tarehe na mahali, na aache tafsiri kwa wenye kazi hiyo.

Kazi ya viongozi na maafisa

Maafisa ustawi wa jamii ni wachache kuliko kazi iliyopo, kwa hiyo kamati ya mtaa inayofanya kazi vizuri hubeba mengi. Kinachoitofautisha na kamati ya karatasi ni daftari: majina ya nyumba zinazofuatiliwa, aliyekwenda, alichokuta, kilichokubaliwa na siku ya kurudi. Daftari hilo lisisomwe hadharani. Nyumba inayotajwa kwenye mkutano wa hadhara kama ya watu wabaya hufunga milango, na watoto ndio huadhibiwa kwa kuchekwa shuleni.

Adhabu ipo. Anayevunja wajibu wa kumtunza mtoto anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kabla ya kuifikia, kiongozi ajiulize mtoto atakula wapi mlezi wake akiwa ndani. Kwa baba mwenye kipato anayekataa kutoa, shinikizo la sheria mara nyingi ndilo linalofanya kazi. Kwa mama aliyeelemewa, faini ni chakula kingine kilichotolewa mdomoni mwa mtoto.

Inapobidi mtoto aondolewe nyumbani, ndugu wanaofaa watafutwe kwanza, kisha mtu anayefaa aliyeidhinishwa na ustawi wa jamii, na makao ya watoto yawe ya mwisho na ya muda. Utafiti ulioanza mwaka 2000 katika vituo vya watoto vya Bucharest, Romania, uliwafuatilia watoto wadogo 136, ukiwalinganisha waliobaki vituoni na waliohamishiwa familia za malezi. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliohama kabla ya kufikisha takriban miaka miwili. Kwa mtoto mchanga, basi, kila mwezi wa kusubiri una gharama.

Mtoto akirudishwa kwao, au akibaki kwao chini ya makubaliano, ufuatiliaji uanze wiki ya kwanza. Anayekwenda aone anapolala, aone sufuria, asome kadi ya kliniki au daftari la shule, na azungumze na mtoto pembeni. Ziara ziwe za karibu karibu mwanzoni, zipungue mambo yakitulia, na ziongezeke tena nyakati zinazojulikana kuwa ngumu: Januari ya shule, miezi ya njaa kabla ya mavuno, na baada ya msiba au kuachana kwa wazazi. Jina hufutwa kwenye daftari pale mtoto anapokuwa na uzito unaopanda au mahudhurio ya kudumu, mlezi ana watu wake wawili wa dharura, na mtoto mwenyewe, akiulizwa nani wa kumkimbilia, anajibu bila kusita.